Miezi Saba Bila Tukio

Kituoni walimwita Mama Glavu, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa sajenti wa miaka arobaini na tisa, mama wa mabinti wawili, mpole wa sauti lakini mbishi ajabu. Usingempita mlangoni ukienda kwenye upekuzi bila jozi ya glavu mfukoni. Nyumbani mumewe alilalamika kwamba katika nyumba hii mtu hawezi hata kukata kucha bila kupewa semina kwanza.

Kazi yake ilihusu jambo ambalo polisi wengi hawapendi kulizungumza: damu ya watu wengine. Askari akimshika mlevi aliyepasuka kichwa, au akitia mkono kwenye mfuko wa mtuhumiwa na kukutana na sindano, Mama Glavu ndiye mwenye la kusema. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue, usipake dawa ya madoa ya nguo. Nenda zahanati upesi, maana dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hufaa zaidi zikianzwa mapema, na zikipita saa sabini na mbili hupewi tena. Kila tukio aliliandika katika daftari lenye jalada jekundu.

Na kila Ijumaa, kwenye gwaride la asubuhi, alisoma matukio ya wiki ili wengine wajifunze. Jina hakulitaja kamwe, na kwa hilo alijiona mwenye busara. Lakini kituo chenyewe kina askari thelathini na wawili. Ukisema "konstebo wa zamu ya pili, upekuzi wa stendi, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto," umebakiza nini? Konstebo huyo walimbandika jina la Bwana Sindano. Kikombe chake cha chai kikaachwa peke yake kwenye kabati, hakuna aliyekigusa. Baada ya miezi miwili aliomba uhamisho, akaenda zake.

Tangu hapo daftari halikupata mstari mpya. Miezi saba. Mkuu wa kituo alimsifu mbele ya wageni kutoka makao makuu, akapewa cheti, mumewe akakitundika juu ya televisheni. Mama Glavu alifurahi, na kwa nini asifurahi? Aliamini kwamba maneno yake hatimaye yamewaingia.

Jumatano moja asubuhi, saa mbili, alikuwa akipokea ripoti za zamu. Konstebo aliyekuwa mbele yake alikuwa fundi wa utani, na wiki tatu tu zilikuwa zimepita tangu mkewe ajifungue. Siku hiyo hakutania. Alishika kalamu kwa vidole viwili, huku kidole gumba amekiinua pembeni. Kidole chenyewe kilikuwa cheupe, ngozi imekauka na kupasukapasuka.

"Umefanya nini hicho kidole?"

"Msumari wa mlango, afande."

"Msumari gani huo unaoshwa kwa dawa ya madoa?"

Konstebo akatazama chini. Mama Glavu akainuka, akafunga mlango, akavuta kiti na kukaa karibu naye.

"Lini?"

"Jana, saa kumi jioni. Yule tuliyemkamata sokoni. Mfuko wa nyuma."

"Glavu?"

"Nilivaa. Sindano ilipenya."

"Ukakamua."

"Nikakamua. Nikapaka ile dawa." Alikifunika kidole kwa kiganja. "Nimelala kwenye kochi, afande. Nimemwambia mama mtoto nina mafua. Mtoto sijambeba tangu jana."

Saa kumi na sita zimepita. Muda bado upo, lakini si wa kuchezea. Mama Glavu alikuwa ameshika kofia tayari, ila alikuwa na swali moja.

"Mimi nipo hapa kila siku. Kwa nini hukuja kwangu?"

Konstebo alimtazama usoni kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Ungenisoma Ijumaa, afande."

Maneno hayo yalimchoma. Alimpeleka zahanati, akakaa naye kwenye benchi mpaka alipomeza vidonge vya kwanza, akahakikisha anajua ratiba ya siku ishirini na nane na tarehe za kurudi kupimwa. Njia nzima ya kurudi alikuwa akihesabu upya ile miezi saba, na kila alivyohesabu, aibu ilimzidi.

Ijumaa alisimama mbele ya gwaride mikono mitupu.

"Nimesifiwa kwa daftari tupu," alisema. "Nilidhani mmekuwa waangalifu, kumbe mlikuwa mnaniogopa. Kosa ni langu. Tukio la mtu halitasomwa tena hapa. Atakayepatwa na jambo aje tufunge mlango, tuzungumze wawili."

Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wamekuja watatu, mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake cha kupita karibu na ofisi. Wa nne alikuwa dereva wa kituo, koplo aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Huyu ndiye aliyemfundisha Mama Glavu kupekua begi, enzi hizo yeye akiwa mgeni asiyejua hata kufunga buti. Alikaa, akaweka kofia gotini.

"Nilikuwa naosha gari baada ya ile ajali," alisema. "Kioo chenye damu kikanikata kiganja."

"Ajali ipi, kaka?"

"Ile ya lori."

Ilikuwa miezi mitano iliyopita. Mama Glavu alijitahidi uso wake usibadilike.

"Ningekuja siku ile," koplo aliuliza taratibu, "ingesaidia?"

Alitamani kumdanganya. Angeweza, na kaka huyu angeupokea uongo wake kwa shukrani.

"Ingesaidia," alisema. "Nisamehe."

Koplo aliitikia kwa kichwa polepole, kama aliyelijua jibu zamani. Mama Glavu alifungua daftari akaandika tarehe ile ya zamani, kisha akainuka.

"Kupima bado kupo. Na inawezekana huna kitu. Twende wote."

Walitoka wakiongozana, wakapita ukumbini katikati ya meza za askari. Nyuso ziliinuka, zikawatazama kidogo, zikarudi kwenye makaratasi, na hakuna aliyeuliza wanakwenda wapi.