Mashindano Madogo ya Chwaka

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, seremala katika karakana moja karibu na Darajani, na kichwani mwangu mlikuwa na jambo moja tu: mashindano ya baiskeli ya kutoka mjini mpaka Makunduchi. Aliyekuwa akinifundisha ni fundi baiskeli wa Ng'ambo, mzee wa Kihindi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliwahi kushindana ujanani, na hakuwa mtu wa maneno mengi.

Wiki tatu kabla ya Makunduchi aliniita dukani kwake.

"Idi Pili wana mashindano Chwaka," alisema. "Wanakwenda mpaka Dunga na kurudi. Utashiriki."

"Nishinde?"

"Usishinde. Utatoka hapa mjini alfajiri kwa baiskeli, ufike na miguu iliyochoka, ndipo uanze nao. Kaa nyuma ya aliye mbele, mwache akukinge upepo. Usitangulie hata mara moja. Na maili ya mwisho usiikimbize. Miguu hiyo ni ya Makunduchi."

Nilifika Chwaka jua limeshapanda, shati limenishika mgongoni. Tulikuwa wanane. Watu wote pale walikuwa wakimshangilia mtu mmoja, mchoma chokaa wa kijiji hicho, mwembamba, mikono imebabuka kwa kazi ya tanuri. Baiskeli yake ilikuwa ile ile aliyobebea magunia, ila siku hiyo alikuwa ameling'oa karia la mizigo. Zawadi ilikuwa kandili mpya na doti ya kanga, zimewekwa juu ya meza mbele ya watu.

Mpaka Dunga wenzetu sita walikuwa wamebaki nyuma sana. Tulipogeuza, upepo wa kusi ulitupiga usoni. Mchoma chokaa aliinama, akakanyaga, nami nikajibana nyuma ya gurudumu lake kama nilivyoagizwa. Baada ya maili moja aligeuza kichwa.

"Bwana, njoo mbele kidogo. Tupokezane."

Nikabaki pale pale nyuma yake. Baada ya kitambo akageuka tena.

"Nshachoka, ndugu yangu. Upepo mkali."

Nilitazama chini, nikimwona fundi wangu mawazoni. Nilijua ninachokifanya si kosa kwa kanuni za mashindano. Hata hivyo nilianza kusikia pumzi zake zikikatika, na kila zilipokatika nilitamani njia iishe.

Hakuomba mara ya tatu.

Tulipoanza kuziona nyumba za Chwaka, watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili za barabara, na wanawake wameshaanza kupiga vigelegele. Nilipunguza mwendo kama nilivyoambiwa. Akaniacha hatua kumi, kisha kumi na tano. Hapo mwanamume mmoja kando ya njia alisema, wala hakupaza sauti, "Huyu wa mjini kaja kutembea."

Sijui kwa nini maneno yale yalinichoma vile. Nilisimama juu ya pedali nikakanyaga kwa nguvu zote nilizokuwa nimezihifadhi nyuma ya mgongo wake. Goti la kulia lilinichoma kama limeingiwa na sindano, sikulijali. Nilimpita mbele ya meza kwa nusu ya gurudumu.

Vigelegele vilikatika. Nilikabidhiwa kandili na kanga mbele ya watu wale. Nilimfuata mchoma chokaa alipokuwa ameketi chini, nikamnyooshea vile vitu.

"Chukua wewe," nilisema. "Mimi nilikuja kufanya mazoezi tu."

Alijipangusa jasho usoni.

"Mazoezi," alisema. "Mimi tangu mfungo sita, tangu Maulidi, nasubiri siku hii." Akausukuma mkono wangu taratibu. "Umeshinda wewe. Nenda navyo."

Nilirudi mjini na kandili imening'inia kwenye usukani. Nilipofika Mwera goti lilikuwa limevimba, nikashuka nikakokota baiskeli kwa miguu. Fundi alinikuta mlangoni pa duka. Aliitazama kandili, kisha goti.

"Nilikutuma ukashinde?"

"Hapana."

"Basi," alisema, akarudi ndani kwenye kazi yake.

Siku ya Makunduchi nilishindwa kuendelea kabla ya kufika Kitogani. Goti lilikataa. Nikaketi kando ya njia nikiwatazama wenzangu wakinipita mmoja mmoja, na sikuwa na wa kumlaumu.

Mwaka uliofuata nilimwambia fundi nataka kurudi Chwaka. Aliuliza kama nimepata akili. Nikamwambia nitafanya mazoezi ya aina nyingine, nitakaa mbele kwenye upepo. Alifikiri, akasema hilo pia linajenga miguu, ila nijiangalie.

Mchoma chokaa alikuwapo. Nilimsogelea kabla hatujaanza.

"Leo wakati wa kurudi nitatangulia mimi," nilisema. "Nakukinga upepo mpaka nyumba za kwanza. Hapo wewe nenda zako."

Alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza.

"Upepo nikinge, nakubali. Lakini kuniachia, usiniachie. Wataniuliza mke na wanangu kama nimeshinda kweli."

Kutoka Dunga nilikaa mbele karibu njia nzima. Mara mbili alisema, "Pumzika, nakuja," akatangulia mwenyewe, akanipa nafasi ya kuvuta pumzi. Hofu yangu ilikuwa moja: tukifika kwenye watu, mwili utanifanyia kama mwaka jana. Tulizifikia nyumba. Akatoka upande wangu wa kulia, nami nikamfuata kwa nguvu zangu zote, sikumwachia kitu. Alinishinda kwa urefu wa baiskeli mbili.

Watu walimbeba juu juu. Mkewe, mwanamke mfupi mwenye mtoto mgongoni, alikuja kunipa maji ya dafu katika kata ya kifuu, akasimama akingoja ninywe mpaka niimalize.

Wiki tatu baadaye nilifika Makunduchi wa tatu. Nilipomwambia fundi, alivua miwani akaifuta.

"Wa tatu," alisema. "Na goti?"

"Zima."

Akaniagizia chai.