Amri Niliyoandika Mbele ya Mkubwa

Wakati wa vita tulijifunza kuvunja vitu vyetu wenyewe kabla wengine hawajaja kuviiba. Baiskeli ya papa, baba yangu, ilikuwa imetawanyika mtaa mzima: gurudumu la mbele kwa mama mdogo, avenue ya pili, mnyororo ndani ya gunia la makaa, tandiko chini ya kitanda changu. Mtaa wetu wa Kabondo wote ulifanya hivyo. Mporaji akikuta kitu hakijakamilika anakitukana na kukiacha, na sisi tulijiona wajanja sana. Hakuna aliyejiuliza mtu asiyetafuta mali angefikiri nini akikuta nyumba imejaa vipande vilivyofichwa.

Kompyuta ya papa tuliifanyia vilevile. Ilikuwa mashine nzee, nzito, ya zile zisizo na picha wala kipanya: kioo cheusi, herufi nyeupe, na wewe uandike amri moja moja. Papa alipewa na kampuni moja ilipofunga milango, badala ya mshahara. Yeye mwenyewe alikuwa karani wa état civil, ofisi inayoandika waliozaliwa, waliooana na waliokufa. Kwa mashine ile aliandikia watu mialiko ya ndoa na programu za misa, na mimi, binti yake mkubwa, mwanafunzi ambaye chuo chake kilikuwa kimefungwa, nilijifunza kwake. Kila tulipomaliza kazi tuliitenganisha. Kibodi ilikwenda kwa mama mdogo, na disketi ya kuanzishia ilikwenda kwa jirani.

Kisha majeshi mawili ya kigeni, yaliyokuja pamoja kama ndugu, yakapigana katikati ya mji wetu. Tulilala chini ya vitanda siku kadhaa. Mabomu yaliponyamaza, ofisi ya papa haikufunguka, na watu wa mtaa wetu walizikwa bila kuandikwa popote. Hilo lilimsumbua papa kuliko njaa. Alipita nyumba kwa nyumba na daftari, akaandika majina, kisha akayaingiza kwenye mashine kama anavyojaza kitabu cha ofisi. Akaita faili hilo reg3, yaani rejista ya tatu, ya waliokufa. Na kwa kuwa rejista ina safu ya sababu ya kifo, alijaza hata hiyo: bomu lilitoka upande gani, limetupwa na jeshi lipi. Nilimwambia aache ile safu. Alinijibu kwamba karani haachi safu wazi. Alipomaliza alichoma kurasa zile, akidhani ameshaficha siri.

Walikuja asubuhi, kama saa tatu. Mkubwa mmoja wa waasi walioshirikiana na mojawapo ya majeshi yale, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, na askari wawili. Mtu alikuwa amewaambia kwamba kwetu kuna phonie, ile redio ya kuitia watu wa mbali. Siku hizo mwenye phonie alikuwa jasusi, na jasusi hakuhitaji kesi.

"Phonie iko wapi?" mkubwa aliuliza.

"Hapana phonie, chef," papa alisema. "Iko ordinateur tu. Ya kuandika."

"Bon," alisema mkubwa, akitazama mashine isiyo na kibodi. "Na clavier yake iko wapi? Sababu gani munaificha, kama ni ya kuandika tu?"

Papa akaeleza habari ya waporaji. Alipokuwa anaeleza nilisikia jinsi maneno yetu yalivyo mabaya. Kila nyumba ya Kabondo ingemwelewa, ila mkubwa hakuwa mtu wa Kabondo. Askari mmoja akatoka chumbani na daftari la papa, si lile la majina bali lile la namba na amri za mashine. Mkubwa akalifungua, akasoma kwa sauti: mia tisa sabini na saba, tano, kumi na saba. Ukurasa wa pili, maneno yasiyo Kifaransa wala Lingala.

"Hii njo code," alisema. "Code ya nani?"

Wakamkalisha papa chini, mgongo ukutani, mikono juu ya kichwa. Papa alikuwa mtu wa kuvaa tai hata siku ambazo mshahara haupo. Kumwona vile, soksi zake zimeshuka, kuliniuma na kulinitisha kwa pamoja, na ulimi wangu ukateleza kama kawaida yake.

"Minajua kuiwasha," nilisema. "Nitakuonyesha ile mambo yote iko ndani. Kama ni phonie, utasikia mutu anasema."

Nilijuta palepale. Mashine isipowaka, papa ni jasusi. Ikiwaka, reg3 iko ndani, na mkubwa huyu anajua kusoma. Niligeuka kumtazama papa. Alikuwa amefumba macho.

Askari mmoja alinisindikiza kwa mama mdogo kuchukua kibodi. Mama mdogo alinipa bila kuuliza neno. Disketi sikuipata: jirani alikuwa amekimbilia kijijini Bengamisa na nyumba yake ilikuwa na kufuli. Ilibidi mashine iamke kwa diski yake ya ndani peke yake. Umeme wa mji haukuwepo, basi wakamlazimisha mtu wa ng'ambo ya barabara kusogeza jenereta yake mpaka dirishani petu. Nikaunganisha waya. Jasho lilinitiririka na bado sijagusa swichi.

Nikawasha. Mashine ikahesabu kumbukumbu yake taratibu, kama mzee anayepanda ngazi, kisha ikapiga mlio mkali. Askari wote wawili wakainua bunduki. Kwenye kioo yalitokea maneno ya Kiingereza.

Moja ya yale majeshi mawili, lile lililokuwa adui wa wenzake mkubwa, liliongea Kiingereza. Mkubwa akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya sigara yake.

"Sababu gani inasema anglais?"

"Mashini yote inaanza na anglais, chef. Njo vile ilizaliwa. Inasema betri yake ya ndani imekufa, imesahau kama iko na disque."

Ilikuwa kweli. Betri ndogo iliyoshika kumbukumbu za mashine ilikuwa imekufa zamani, na kila asubuhi ilitubidi kuiambia upya tarehe ya leo na ukubwa wa diski yake. Tarehe tulishachoka kuiandika. Tuliiacha iamini kwamba ni mwanzo wa mwaka elfu moja mia tisa themanini. Lakini ukubwa wa diski ulikuwa lazima, na namba zake zilikuwa katika daftari ambalo mkubwa alilishika kwa mikono miwili kama ushahidi.

"Chef, unisomee ile code," nilisema.

Akarudi ukurasa wa kwanza. Kisha akasoma: mia tisa sabini na saba, tano, kumi na saba. Nikaziandika moja moja, nikahifadhi, nikaanzisha tena. Diski ikaanza kukwaruza. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile, na wakati uleule nilitamani inyamaze, maana sasa reg3 ilikuwa inaamka.

Kwenye kioo ikatokea C na alama yake, mashine inasubiri amri. Mialiko yote na reg3 vilikaa katika folda moja iliyoitwa mariage, yaani ndoa. Nikaandika amri ya kuingia humo, bila kutazama vidole. Kioo kikaonyesha:

cd ;qriqge

Na chini yake, kwa Kifaransa, kwamba folda hiyo haipo.

"Hii ni luga gani?" mkubwa aliuliza, polepole sana.

Nilifuta, nikaandika tena kwa kidole kimoja. Mambo yaleyale: nukta-mkato, qriqge. Askari mmoja akasema, "Chef, anaita benzake, ba adui." Nikasikia chuma kinalia nyuma ya kichwa changu, ule mlio wa bunduki kukokwa, na nikajikojolea kidogo. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu watu wakisimulia vita wote wanakuwa mashujaa. Wahenga wanasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi nilikuwa mwoga, na kicheko sikukiona.

Ni papa aliyeniokoa, kutoka pale ukutani, macho bado amefumba.

"Mama," alisema, ndivyo alivyoniita siku zote, "disketi haiko. Kwa hiyo clavier inajizania iko ya Amerika."

Basi! Disketi ya kuanzishia ndiyo iliyokuwa inaiarifu mashine kwamba kibodi yetu ni ya Kifaransa. Bila disketi, inazipanga herufi kwa mpangilio wa Waamerika, na ukibonyeza A inaandika Q. Iko amri ya kuirekebisha, keyb fr, na kwa bahati herufi zake zote zinakaa mahali pamoja katika kibodi zote mbili. Nikaiandika. Nikajaribu tena kuingia mariage, na safari hii mashine ikakubali bila neno.

Hapo ndipo ilipokuwa kazi yangu halisi. Amri iliyofuata ilipaswa kuwa dir, ya kuorodhesha faili zote zilizomo. Mkubwa alikuwa ameinama juu ya bega langu. Angeona mialiko, programu za misa, na reg3. Angeuliza reg3 ni nini. Ningesema ni rejista. Angesema fungua. Angesoma safu ya mwisho, iliyotaja jeshi lililompa yeye bunduki, mara nyingi kuliko lile lingine.

Nikaandika: del reg3.txt

"Umeandika nini?" aliuliza.

"Ninafungua njia, chef."

Nikabonyeza. Mashine ile ukikosea herufi moja inakugombeza. Ukiharibu kabisa inanyamaza. Haikuniuliza kama nina hakika. Ilishuka mstari mmoja tu, ikasubiri amri nyingine. Majina yote ya mtaa wetu yalikuwa yameondoka kwa muda wa kupiga chafya.

Kisha nikaandika dir. Orodha ikashuka, kila faili na tarehe yake pembeni. Mkubwa akafuata mistari kwa kalamu, juu mpaka chini.

"Mil neuf cent quatre-vingt," alisoma, ule mwaka wa themanini. "Na hii, quatre-vingt. Byote bya quatre-vingt?"

"Ndiyo, chef."

Akanyooka, akafunga kalamu. "Ah. Donc hii ni vieux papiers, makaratasi ya zamani. Hata mi nilikuwa mutoto." Akaniambia nifungue faili moja, yoyote nitakayo. Nikafungua mwaliko wa ndoa. Akasoma mistari miwili kuhusu familia mbili zenye furaha, akapiga miayo, akawaambia askari wamwache mzee asimame.

Waliondoka na kioo changu. Askari mmoja alisema kinafaa kwa televizyo, na hakuna aliyembishia. Papa alibaki. Alivuta soksi zake, akafunga tai yake vizuri, akanywa maji vikombe viwili. Mimi nilikuwa nimekaa palepale kwenye kiti kwa sababu sketi yangu ilikuwa imelowa na niliona haya.

"Na ile?" papa aliuliza.

"Nilifuta."

"Mbele ya kuandika dir ao nyuma?"

"Mbele, papa."

Alielewa kabla sijaelewa mimi. Aliangalia meza, mahali kioo kilipokuwa, na nikaona anapiga hesabu: kila faili katika mashine ile lilizaliwa mwaka themanini, hata reg3. Mkubwa asingelifungua. Angelipita kwa kalamu kama alivyoyapita mengine. Kama ningengoja mstari mmoja tu, mpumbavu mimi, tungebaki na vyote viwili, papa na majina.

"Ulifanya vizuri," alisema. Alisema mara mbili. Ya pili niliichukia.

Tangu kesho yake alitoka tena na daftari jipya, kwa miguu, maana hatukuthubutu kuikusanya baiskeli. Nyumba kwa nyumba, aliwaomba watu waseme tena jina, umri, siku. Wengine walimfukuza. Walisema wameshasema mara moja, na mtu hasemi jambo lile mara mbili. Wengine walikuwa wamehama, na nyumba zao zilikuwa na watu wapya wasiojua chochote. Nilijitolea kumsindikiza. Alikataa, kwa upole, na upole wake ndio ulionikata.

Siku moja alirudi mchana, akaketi mezani, akanisogezea daftari. Mistari ilikuwa imejaa, mwandiko wake wa ofisi, safi. Safu ya sababu aliiacha wazi. Mstari mmoja uliandikwa hivi: mtoto msichana, miaka minne, nyumba ya kona. Mahali pa jina hapakuwa na kitu.

"Mama yake alinitajia jina mwenyewe," alisema. "Mara ya kwanza ile, na mimi nimelisahau. Alikuwa bado muzima, pale kwa infirmier, anauguzwa. Sasa naye hayuko, na hakuna mutu amebakia kwa ile nyumba." Akagusa pale penye nafasi kwa kidole. "Mbele ya kufuta, mama. Ulifungua hata kidogo? Ulisoma?"

"Hapana, papa," nilisema. "Sikufungua."