Kiganja cha Mama Faksi

Hospitali nzima ilimwita Mama Faksi, na fundi aliyeletwa kuing'oa mashine yake ya faksi alielewa sababu kabla hata hajafungua begi. Karatasi ya majibu ya vipimo vya mgonjwa ilipoanza kuchungulia, mama yule aliifunika kwa kiganja kipana chenye wino kwenye kucha, akaisindikiza hadi ikatoka yote, kisha akailaza kifudifudi. "Kuta zina masikio, mwanangu, na hawa wa kwenye korido wana macho," alisema kwa sauti ya chini, ile ile aliyozoea kuombea chai.

Fundi akaing'oa faksi, akamwekea kishikwambi. "Huu mfumo una kufuli, mama. Hakuna wa kuchungulia." Mama Faksi alikikodolea macho kama aliyeachiwa mtoto wa watu. Jibu la kwanza kuingia lilikuwa la dereva wa hospitali, na dereva mwenyewe alikuwa mlangoni, anazungusha funguo kidoleni, nyuma yake wauguzi wawili wananyoosha shingo. Mama Faksi alisoma mstari mmoja tu. Kiganja kikashuka juu ya kioo, pa! Kikafunika jina, kikafunika ugonjwa, kikabonyeza kitufe cha Tuma kwa Wafanyakazi Wote. Simu ya muuguzi mmoja ikalia. Ya mwenzake ikafuata, kisha korido nzima. Dereva naye akaingiza mkono mfukoni.

"Mama, toa mkono," fundi alinong'ona.

"Sitoi," akajibu kwa sauti ile ile ya kuombea chai, akizidi kukandamiza. "Wataona."