Waya za Mideva

Mideva ni dada yangu. Amenitangulia kwa mwaka mmoja tu, na meno yetu yalikuwa mamoja: yalipandana mbele kama watu wanaosukumana kwenye foleni ya maji. Tuliyarithi kwa Baba, Shivachi, fundi seremala wa Kibera, ambaye yeye hakujali hata kidogo, alicheka nayo hivyo hivyo. Basi mtu anieleze kwa nini Mideva apate waya na mimi nikose.

Ilikuwa mwaka wa 1996. Kliniki ya kanisa moja huko Kawangware ilipata daktari wa meno aliyejitolea kuwafunga waya vijana wachache bila malipo. Jina lake Daktari Wakarima, mwanamke mkavu asiyecheka ovyo. Tulitoka Kibera kwa miguu, tukaketi benchi moja, akatupima sote wawili. Akasema nafasi ni moja, na ataanza na Mideva kwa kuwa fizi zake ni safi. Mimi akaniandika wa pili.

Kisha akatoa sharti. Waya hushika chakula, chakula huoza, na jino huoza nacho. "Nikikupata mchafu mara mbili nazitoa, na mwenye anafuata anaingia," alimwambia Mideva. Mwenye anafuata ni mimi. Nilirudi nyumbani nikiwa nimelishika neno hilo peke yake.

Mideva akageuka malkia. Kila akila, hata kama ni chai na mkate, alichota kikombe cha maji akakaa mlangoni na kioo. Mswaki juu ya waya, mswaki chini ya waya, jino kwa jino, huku wenzake tukisubiri kikombe. Halafu uzi. Alikuwa akijifunza kushona kwa Mama Kalondu, kwa hiyo alijua la kufanya: aliipaka ncha ya uzi sabuni, akaiacha ikauke ikawa ngumu, ikapenya chini ya waya bila taabu. Baba naye akamchongea kijisanduku cha kuwekea mswaki. Mimi sijawahi kuchongewa hata mwiko! Majirani wakija ni, "Mideva, hebu cheka tuone." Nilimwonea wivu mpaka chakula kikanishinda. Nasema ukweli, kuna siku nilimchukia.

Nikaanza kumletea mahindi ya kuchoma kila jioni. Alinishukuru, maskini. Ukaguzi wa mwezi wa tatu, daktari akatoa ganda la hindi nyuma kabisa, akaandika kwenye kadi: mara ya kwanza.

Ikabaki moja. Siku nne kabla ya ukaguzi uliofuata, niliuchukua ule mswaki wa kichwa kidogo aliopewa kliniki nikauzika kwenye maranda ya Baba. Mideva alipindua nyumba nzima. Madukani kwetu hakukuwa na wa aina ile.

"Si utumie mti kama Mama?" nikamwambia. "Mama ameshawahi kuumwa na jino?"

Mama alikuwa na kijiti chake cha kupigia mswaki tangu akiwa kwao Maragoli. Alikitafuna kila asubuhi kabla ya kusema na mtu, na meno yake yalikuwa meupe pe. Hakuna aliyeweza kubisha.

"Lakini kitafune sana kwanza," nikaongeza, "kilainike."

Akakitafuna. Siku ya pili vibati viwili vya chuma, vile vinavyogundishwa kwenye meno kushikilia waya, vilibanduka, na nyuzi za mti zikajisokota kwenye waya, zikakataa kutoka hata kwa uzi wa sabuni.

Daktari Wakarima alizing'oa nyuzi hizo moja moja kwa koleo dogo. Fizi zilikuwa zinatoka damu. Nilidhani Mideva atasema mswaki ulipotea, lakini hakusema kitu. Waya zikatolewa siku ile ile, meno yakiwa yamefika nusu ya safari. Alilia kutoka kliniki mpaka mlangoni kwetu, na mimi nikitembea kando yake nahesabu wiki zilizonibakia.

Zamu yangu ilifika. Nilipofungwa, siku za kwanza mdomo uliniuma hata uji sikuuweza vizuri, na nilipoanza kula, uzi ulinishinda kabisa. Mideva akaja akaketi mbele yangu, akanishikia kioo. Meno yake yalikuwa yameanza kupandana tena. Vidole vyake havikubabaika, na hata hapo, Mungu anisamehe, niliona wivu kwamba anajua na mimi sijui.

"Si hivyo. Vuta polepole, utajikata."

Nikashindwa kuvumilia. "Mideva, ule mswaki wako, ni mimi niliuficha."

Hakuacha kuvuta uzi.

"Najua," akasema. "Fungua mdomo. Huku nyuma bado kuna jani la sukuma."