Kwanza Nionyeshe Mstari wa Mwisho

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, wala si ya zamani. Nimetoka kuswali, nafungua duka langu la ushonaji hapa mtaani Muhima, mara mjukuu wangu Aisha akaingia amekumbatia kompyuta yake, macho mekundu. Hakunisalimia. Mtoto niliyemlea mwenyewe, aingie kwangu bila salamu! Nikajua kuna jambo.

Usicheke kwamba fundi cherehani anakupa nasaha za kompyuta. Sikiliza kwanza, utacheka mwishoni ukitaka.

Aisha huandika programu. Wakati ule alikuwa kwenye miezi ya majaribio katika ofisi moja ndogo, na kazi aliyopewa ilikuwa ya kituo cha afya upande wa Kabuga: kuwatumia akina mama ujumbe wa simu, kuwakumbusha siku ya chanjo ya watoto wao. Ilikuwa ianze Jumatatu. Kazi yote aliiandikia kwenye ukurasa wa intaneti, ndani ya kihariri, yaani mahali pa kuandikia programu. Na vijana wa siku hizi hawaandiki peke yao. Wana msaidizi wa akili bandia, humwita wakala. Unamtuma kwa maneno tu, naye anafungua kihariri, anasoma, anabofya, anaandika, anahifadhi, wewe umekaa unakunywa chai. Mashallah, kazi ya asubuhi nzima inaisha kabla kikombe hakijapoa.

"Babu, nimeharibu," akasema. "Nilimtuma arekebishe kitu kidogo, juu kabisa. Chini kote amefuta!"

Nikamkalisha, nikamwambia anieleze polepole. Kumbe kihariri kile huweka mbele yako mistari inayoonekana kwenye kioo tu. Mingine huja ukishuka chini. Wakala alisoma ile iliyoonekana, akadhani ndiyo kazi yote. Akaiandika upya, safi kabisa, akaiweka mahali pa kazi nzima, akahifadhi. Sehemu ya chini, ile yenyewe ya kutuma ujumbe kwa akina mama, haikuwepo tena. Na nakala aliyokuwa nayo Aisha ilikuwa ya siku nne nyuma.

"Lakini ukifungua, juu iko sawa," akasema bila kunitazama. "Mkubwa wangu ataona majina, ataona tarehe. Nikiikabidhi hivi hivi hatajua, halafu nitaimalizia kimya kimya. Na akijua, si mimi, ni wakala."

Moyo uliniuma, mwanangu. Nilishindwa kumkasirikia, maana maneno hayo niliwahi kuyasema mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, najifunza kazi kwa Fundi Ramadhani, mtaa huu huu. Mzee mmoja wa Gatsata aliagiza kanzu ya kuvaa kwenye harusi ya bintiye. Fundi akampima, akaandika vipimo daftarini, akaniachia mimi nikate. Nikasoma ukurasa, nikakata, nikashona, nikajisifu. Nyuma ya ukurasa ule fundi alikuwa ameandika kwamba mkono wa kushoto wa mzee ni mfupi, ulivunjika utotoni. Sikufunua. Mzee alipokuja kujaribu, kanzu ikammeza vidole vyote vya mkono ule, na wateja waliokuwa pale wakacheka. Mimi nikawahi kusema, "Daftari ndilo limenidanganya!"

Fundi hakupaza sauti. Alikunja mkono wa kanzu, akauchoma pini, akamwomba mzee radhi, akasema kosa ni la duka lake. Mzee alipoondoka ndipo akanigeukia. "Daftari halikushika mkasi," akaniambia. "Usikate kitambaa cha mtu kabla hujaona maneno yanaishia wapi." Basi, akarudi kwenye cherehani yake. Afadhali angenichapa.

Nilipomaliza kumsimulia, Aisha akalia upya. "Lakini Babu, nikisema watanifukuza."

"Huenda," nikamjibu, sikutaka kumdanganya. "Lakini yuko mama kule Kabuga atakayengoja ujumbe usiokuja. Mtoto wake akikosa chanjo, utamwambia ni wakala?"

Akapangusa macho. Mficha uchi hazai, mwanangu. Mara akachukua simu, akampigia mkubwa wake, Dada Grace, mwanamke aliyekulia Tanzania, asiye na maneno mengi. Aliweka sauti wazi nami nisikie. Nadhani aliogopa kuwa peke yake.

"Dada, nimepoteza kazi ya siku nne. Nilimwachia wakala, sikumwangalia. Kosa ni langu."

Nilijikuta nimekamata futi yangu ya kupimia kwa mikono miwili.

"Pole," sauti ikasema. "Jumatatu haiwezekani tena. Kituo cha afya nitawaeleza mimi. Wewe andika upya, na unionyeshe jinsi utakavyomzuia asirudie. Ungenificha, Aisha, leo ingekuwa siku yako ya mwisho kwangu."

Aliandika upya hapa hapa, mezani kwangu, kando ya pasi. Na tangu siku ile, wakala hagusi herufi kabla Aisha hajamwambia: "Kwanza nionyeshe mstari wa mwisho." Humtaka apate maandishi yote kutoka kwenye kihariri chenyewe, asiridhike na ya kwenye kioo, aweke nakala pembeni, ahesabu mistari kabla na baada. Ikipungua bila sababu, asimame.

Mwezi uliofuata alikuja mama mmoja wa Kabuga kuchukua gauni, mtoto mgongoni. Simu yake ikalia, akasoma kwa sauti: kesho asubuhi, chanjo ya mtoto. "Yewe, nilikuwa nimesahau kabisa!" akasema kwa mshtuko. Aisha alikuwa pale kwenye kona. Aliinama tu kwenye kompyuta yake akajifanya anatafuta kitu.

Basi, mwanangu, sikukatazi kutuma msaidizi. Mtume, ana mikono myepesi. Ila ujue anaona kile alichowekewa mbele tu, na wewe ndiye wa kufunua ukurasa. Akikosea, usikimbilie kutaja jina lake. Taja lako, na ulitaje mapema, maana njia ya mwongo ni fupi.

Mungu akupe macho ya kufika hadi mstari wa mwisho, na ulimi wa kusema "ni mimi" hata siku neno hilo litakapokuuma. Nenda kwa heri, na ukipita Muhima uingie unisalimie. Usiingie kama Aisha.