Mwanamke wa Mkono wa Kushoto

Jua lilikuwa bado linachoma Mzee Nkuba alipoingiza ng'ombe wake kwenye kiwanja cha mpira cha Igawa, akawaacha walale mbele ya kitambaa cheupe cha sinema. Gari la sinema lilikuwa limefika asubuhi kutoka Mbeya, kwa ile lami mpya. Watu walipokuja na vigoda vyao hawakupata pa kukaa.

"Mzee, watoe hawa," alisema Silvester, mwenye mashine. "Watu wanataka picha ya ngumi."

"Ngumi watazipata. Kwanza ile ya ng'ombe aliyemeza ziwa."

Watu wakacheka. Ile waliijua. Ililetwa kiangazi kilichopita: nchi imekauka, ng'ombe mmoja amemeza ziwa zima, na mwanamke anaingia tumboni mwake na kibuyu kwenda kuyarudisha maji. Hakuna bunduki, hakuna farasi. Haikufika nusu, kiwanja kikabaki kitupu.

Walioimaliza ni wawili, Nkuba na mkewe Kashindye, nyuma ya kitambaa. Walikuwa wametoka Usukumani na mifugo yao, wageni bado kwenye mbuga za Usangu. Mbele walikaa wenyeji, na wale wawili hawakubishana. Picha ilipenya kitambaa, wakaiona vizuri tu.

Kashindye alikuwa wa mkono wa kushoto. Mama yake aliuchapa mkono ule. Mama mkwe akaufunga kamba. Hata alipokuwa na wajukuu, walikuwepo wageni walioyakataa maziwa kwa kuwa yametoka kushoto. Siku ile ya sinema alimshika mumewe bega.

"Umemwona, baba Ndalahwa? Anachota kwa kushoto. Na maji yanarudi."

Tangu hapo akawa anampa kila mtu maziwa kwa mkono wake uleule. Anayetaka anywe, asiyetaka aende na kiu yake. Mvua za kwanza zikamkuta na homa, na homa ikaondoka naye.

Nkuba hakuwa mtu wa maneno. Msiba wake aliupeleka malishoni. Lakini aliposikia gari limerudi, hakuwapeleka ng'ombe mtoni.

"Mkanda huo naurudisha," Silvester alimwambia. "Hauna watu. Leo ndiyo mwisho wa kutembea nao."

"Ndiyo maana nimekuja na ng'ombe."

Bartolomeo mwenye duka akapaza sauti. "Nkuba, na hawa wako wamemeza nini?"

"Bado. Sogea karibu waanze na wewe."

Kicheko kikamgeukia Bartolomeo. Silvester akazitazama zile pembe, akalitazama jua linavyozama, kisha akaupachika mkanda wa ng'ombe. Nkuba akapiga mluzi. Ng'ombe wakainuka mmoja mmoja, wakasogea pembeni. Yeye akazunguka, akaenda nyuma ya kitambaa.

"Njoo mbele, baba," Silvester alimwita. "Hakuna tena mgeni hapa."

"Huko nyuma unaona kinyume," Bartolomeo akadakia. "Yule mama anachota kwa kulia. Nilimwona kabla sijaondoka."

Nkuba akamgeukia Silvester. Silvester akainamisha kichwa. "Kweli, mzee. Kitambaa kinageuza. Njoo uone ilivyo hasa."

Mzee akasimama, fimbo mabegani. Akaukumbuka ule mkono wa Kashindye ukinyoosha kibuyu cha maziwa.

"Nyinyi mlikaa upande wenu, mkaikimbia," alisema. "Sisi tulikaa wetu, tukaimaliza. Nani aliiona?"



Nkuba akaketi kwenye nyasi, akaacha kando yake nafasi ya mtu mmoja. Mashine ikaanza kunguruma. Nchi kavu ikatokea, kisha ng'ombe, kisha mwanamke na kibuyu chake. Akainama, akachota kwa kushoto.