Pilipili Hoho za Kuchemsha

Mama wa mazoezi ya viungo, pale kliniki ya Belgrade, hubisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe, na haingii mpaka aitikiwe. Hupasha viganja joto kwenye kikombe cha kahawa kabla ya kuvaa glavu, na hamgusi mtu bila kumwomba ruhusa, hata kama wiki iliyopita aliruhusiwa. Dunja alipelekwa kwake baada ya upasuaji uliompa uke. Kidonda kilipona vizuri, lakini misuli ya nyonga ilijikunja kama ngumi, kama ilivyozoea tangu utotoni kila alipopita mbele ya vijana wa mtaani. Isipolegea, njia ile mpya ingesinyaa.

“Pumua, binti yangu.”

“Napumua, mama.”

“Unapumua kama mwizi aliyejificha kabatini.” Kidole cha mama kilitulia palepale ndani, kikisubiri. Kisha akasema, kama anayeongea na dirisha, “Nyie watu wa Leskovac mnajitesa bure na ajvar, hiyo achari yenu ya hoho. Mimi hoho nazichemsha tu, natia na sukari.”

“Unachemsha?” Dunja aliinua kichwa. “Hoho zinachomwa, mama, mpaka ngozi iungue! Huo wako ni uji wa wagonjwa!”

Ndani yake ngumi ikafunguka.

“Hapo hapo,” mama alisema taratibu. “Endelea kunitukana.”

Mama alipovua glavu, Dunja aliona kingo za kucha zake: weusi wa hoho zilizochomwa, ule usiotoka kwa sabuni. Akacheka, na kicheko kikashuka mpaka chini bila kukwama popote.